Injini ya Dizeli katika Pikipiki: Yawezekana, Lakini kwa Kazi Gani?

Rungwe Mpya ni kata ya Wilaya ya Kasulu, katika nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma. Huko, kama ilivyo katika sehemu nyingine za Kasulu na Kibondo, wakulima hulima mahindi, maharage, mihogo na ndizi, na mazao hayo hayana budi kupandishwa na kuteremshwa vilimani kabla ya kufika sokoni. Mashine mbili zimekuwa msaada mkubwa kwa mkulima wa nyanda hizo. Ya kwanza ni pikipiki, ambayo huchoma petroli. Ya pili ni mashine ya kusaga, ambayo mahali pasipo na umeme huendeshwa kwa injini ya dizeli. Pikipiki ni nyepesi na ina mwendo wa haraka, lakini hutumia mafuta mengi na huchakaa upesi ikibebeshwa magunia. Injini ya mashine ya kusaga ni nzito na ya mwendo wa polepole, lakini hufanya kazi kutwa nzima bila kulalamika.

Si ajabu, basi, kwamba fundi mwenye kufikiri hujiuliza: kwa nini injini ya dizeli isifungwe katika pikipiki, ili uvumilivu wa mashine ya kusaga uunganike na wepesi wa pikipiki? Jibu la swali hilo lina pande mbili. Jambo lenyewe linawezekana, na limekwisha kufanywa katika nchi nyingine. Lakini injini ya dizeli haichukui tu nafasi ya injini ya petroli. Hubadili uzito, gia, breki na hata kazi ambayo chombo kinaweza kufanya. Fundi anayekata fremu kabla ya kupiga hesabu huweza kupoteza akiba ya miaka kadhaa, na abiria wake huweza kupoteza uhai. Makala haya yanaeleza sababu za mambo hayo, na kuonyesha mahali ambapo dizeli huleta faida ya kweli.

Namna mbili za kuwasha moto

Injini ya petroli na injini ya dizeli hufanana kwa sura. Kila moja ina silinda, pistoni, valvu na krenki, na zote mbili kwa kawaida hufanya kazi kwa mapigo manne: kuvuta hewa, kugandamiza, kuwaka na kutoa moshi. Tofauti yao kubwa ni namna moto unavyowashwa.

Katika injini ya petroli ya pikipiki, hewa na petroli huchanganywa kabla ya kuingia katika silinda. Mchanganyiko huo hugandamizwa mpaka ujazo wake upungue mara 9 hivi, kisha plagi hutoa cheche na kuuwasha. Hauwezi kugandamizwa zaidi sana ya hapo, kwani ungewaka wenyewe kabla ya wakati na kuigonga pistoni.

Injini ya dizeli haina plagi ya cheche. Hewa tupu huvutwa ndani ya silinda na kugandamizwa mpaka ujazo wake upungue mara 16 hadi 22. Mtu aliyejaza upepo katika tairi la baiskeli anajua kwamba pampu hupata moto. Sababu ni hiyo hiyo. Ndani ya silinda ya dizeli joto la hewa hupanda kupita nyuzi 500 za Sentigredi, na kanieneo yake, yaani msukumo wake juu ya kila sehemu ya ukuta wa silinda, hufikia mara 30 hadi 40 ya ile ya hewa ya kawaida. Hapo ndipo nozeli hurusha dizeli kwa matone madogo mno, nayo huwaka papo hapo kwa joto la hewa peke yake.

Kutokana na hayo yote msomaji ataona kwa nini kumimina dizeli katika tangi la pikipiki ya petroli si kubadili injini. Dizeli haigeuki mvuke vizuri katika kabureta. Plagi huchafuka, na injini hutoa moshi mwingi kisha huzimika. Kinyume chake pia ni hasara: petroli ikitiwa katika injini ya dizeli huiharibu pampu, kwa sababu pampu hiyo hulainishwa na dizeli yenyewe inayopita ndani yake.

Kwa nini dizeli ni nzito

Chombo kinachozuia kanieneo kubwa hakina budi kuwa na kuta nene. Silinda, pistoni, mkono wa pistoni, krenki na beringi za injini ya dizeli zote hutengenezwa nene kuliko za injini ya petroli yenye nguvu ile ile. Huongezwa pia gurudumu zito la chuma, ambalo mafundi huliita flaiwili, ili injini iweze kuvuka pigo gumu la kugandamiza.

Historia ya injini hizo yaonyesha tofauti hiyo tangu mwanzo. Mwaka 1885 Gottlieb Daimler na Wilhelm Maybach wa Ujerumani walifunga injini ndogo ya petroli, yenye nguvu ya nusu farasi tu, katika chombo cha mbao cha magurudumu mawili; hicho ndicho huhesabiwa kuwa pikipiki ya kwanza ya petroli. Miaka 12 baadaye, mwaka 1897, Rudolf Diesel alifanikiwa kuonyesha injini yake mjini Augsburg. Ilikuwa na silinda moja na nguvu za farasi 20 hivi, lakini ilisimama kiasi cha mita 3 kwenda juu. Iligeuza zaidi ya robo ya nishati ya mafuta kuwa kazi, jambo ambalo injini za mvuke za wakati ule hazikulikaribia. Hata hivyo hakuna aliyeweza kuipakia katika gari, seuze katika pikipiki.

Dizeli ilianza kupungua umbo baada ya kupatikana pampu bora za kurusha mafuta. Kampuni ya Robert Bosch ilianza kuziuza kwa wingi mwaka 1927. Mwaka 1933 Yamaoka Magokichi wa Japani, mwanzilishi wa kampuni ya Yanmar, alitoa injini ndogo ya dizeli iliyowafaa wakulima na wavuvi. Injini nyingi za silinda moja zinazosaga nafaka na kuvuta maji vijijini leo zimefuata njia iliyofunguliwa na kazi hizo.

Na tuzipime sasa injini zinazoonekana madukani. Injini ya petroli ya pikipiki ya sentimita za ujazo 150 hutoa nguvu za farasi 12 hivi, nayo pamoja na gia zake huweza kubebwa na mtu mmoja. Injini ya dizeli ya silinda moja, ya aina ya Kichina iitwayo S195, ambayo hutumika sana katika mashine za kusaga na matrekta madogo, nayo hutoa nguvu za farasi 12; lakini uzito wake ni kiasi cha kilo 140. Pikipiki nzima ya sentimita za ujazo 150 haifiki uzito huo. Injini za zamani za Lister za nguvu za farasi 6, ambazo ziliendesha vinu vingi katika Afrika ya Mashariki, zina uzito wa zaidi ya kilo 300.

Kwa hiyo injini ya mashine ya kusaga haiwezi kabisa kufungwa katika fremu ya pikipiki. Inayoweza kufikiriwa ni injini ndogo ya dizeli inayopozwa kwa upepo, kama zile zinazotumika katika majenereta madogo. Ile ya sentimita za ujazo 296 ina uzito wa kilo 33 hivi na hutoa nguvu za farasi 6. Inaingia katika fremu, lakini nguvu yake ni nusu tu ya ile iliyoondolewa.

Tatizo la gia

Fundi anapoitazama pikipiki ya kisasa kwa mara ya kwanza kwa nia ya kuibadili, huona injini, naye hufikiri kwamba akiitoa ataiacha gia boksi mahali pake. Sivyo. Katika pikipiki nyingi zilizoko Tanzania, injini, klachi na gia boksi zimo katika kasha moja na hulainishwa kwa oili moja. Atakayeitoa injini ataitoa na gia boksi, na injini ya jenereta haina gia hata moja.

Je, gia ni za lazima? Hesabu ifuatayo yatosha kujibu. Gurudumu la nyuma la pikipiki husogea mita 1.9 hivi kila linapozunguka mara moja. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, yaani mita 1,000 kwa dakika, gurudumu huzunguka mara 526 kwa dakika. Injini ndogo ya dizeli haipendi kuvuka mizunguko 3,600 kwa dakika. Kwa hiyo lazima izunguke mara 7 hivi kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu. Mlimani, kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa, gurudumu huzunguka mara 175 tu, na ili injini itoe nguvu yake yote uwiano hauna budi kuwa mara 20 na zaidi. Sproketi moja haiwezi kutoa uwiano wa 7 na wa 20 kwa wakati mmoja. Pasipo gia, pikipiki ama itashindwa mlimani, ama itatambaa tambarare.

Hii ndiyo sababu mojawapo iliyowawezesha mafundi wa India kutangulia katika kazi hii. Pikipiki ya Enfield Bullet iliyotengenezwa huko Madras ilikuwa, kwa miaka mingi, na gia boksi katika kasha lake peke yake, lililounganishwa na injini kwa mnyororo. Injini ya petroli iliweza kufunguliwa na ya dizeli kuwekwa badala yake, na gia boksi ikabaki. Anayetaka kuiga kazi hiyo kwa pikipiki ya kisasa hana budi kutafuta gia boksi iliyo peke yake, pamoja na klachi yake, na kuongeza uzito wa vitu hivyo katika hesabu.

Hesabu ya mlima

Nyanda za juu za Kasulu ziko mita 1,200 na zaidi juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya pwani, na injini isiyo na kifaa cha kusukumia hewa hupoteza nguvu kiasi cha sehemu 12 katika kila 100. Injini ya dizeli ya nguvu za farasi 6 itatoa nguvu za farasi 5.3 tu. Fundi akifungua skrubu ya pampu ili kuongeza mafuta, hatapata nguvu. Atapata moshi mweusi, kwa sababu kinachokosekana ni hewa.

Chukua pikipiki iliyobadilishwa yenye uzito wa kilo 150, dereva wa kilo 70 na gunia la maharage la kilo 100. Jumla ni kilo 320. Barabara ya udongo inapanda mita 1 kwa kila mita 10. Nguvu ya kuivuta pikipiki hiyo juu ni nyutoni 314, na ya kushinda ugumu wa barabara ni nyutoni 94 hivi; jumla nyutoni 408. Kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa, hizo ni nguvu za farasi 3.1. Ikikadiriwa kwamba sehemu ya tano ya nguvu ya injini hupotea katika gia na mnyororo, injini itapaswa kutoa karibu nguvu za farasi 3.9. Injini yaweza. Kwa kilomita 30 kwa saa zahitajika nguvu za farasi 5.8. Injini haiwezi.

Hivyo pikipiki hiyo itapanda mlima, tena bila kuchoka, lakini kwa mwendo usiozidi sana ule wa baiskeli iliyo tambarare. Pikipiki ya petroli yenye mzigo huo huo ingepanda kwa mwendo wa karibu maradufu. Kwa anayesafirisha gunia, tofauti hiyo huenda isiwe na uzito. Kwa anayechukua abiria, na ambaye pato lake hutegemea idadi ya safari za siku, tofauti hiyo ndiyo riziki yenyewe.

Waliokwisha kufanya

India ndiyo iliyotoa mfano mkubwa. Baada ya mafundi wa mitaani kufunga injini za dizeli katika pikipiki za Bullet, kampuni ya Enfield yenyewe ilitoa pikipiki ya dizeli iliyoitwa Taurus. Injini yake ya sentimita za ujazo 325 ilitoa nguvu za farasi 6.5 hivi. Uzito wa pikipiki ulikaribia kilo 200, na mwendo wake wa juu ulikuwa kiasi cha kilomita 65 kwa saa. Wengi waliipenda kwa sababu lita moja iliwapeleka kilomita 70 na zaidi, wakati ambapo serikali ya India iliuza dizeli kwa bei ya chini sana kuliko petroli. Ilipofika miaka ya mwanzo ya karne hii pikipiki hiyo ilikuwa imekoma kutengenezwa, kwa sababu haikuweza kutimiza kanuni mpya za moshi.

Katika eneo la Saurashtra, Jimbo la Gujarat, mafundi walikwenda njia nyingine. Walichukua sehemu ya mbele ya Bullet, wakaifunga injini ya dizeli ya silinda moja, na nyuma wakaweka jukwaa la magurudumu mawili. Chombo hicho, kiitwacho chakda, kilibeba watu na mazao vijijini kwa miaka mingi. Katika eneo hilo hilo, mwaka 1994, fundi Mansukhbhai Jagani wa Wilaya ya Amreli alitengeneza Bullet ya dizeli ambayo gurudumu lake la nyuma hutolewa na kufungwa magurudumu mawili madogo na jembe la kupalilia na kupandia. Wakulima wa huko walikuwa na upungufu wa maksai na wa vibarua. Ilielezwa kwamba chombo hicho huweza kulima matuta ya ekari moja kwa nusu saa na kwa lita mbili za dizeli, na uvumbuzi huo ulipewa hataza.

Mfano wa mwisho ni wa Marekani. Jeshi la wanamaji wa nchi kavu la huko lilitaka magari yake yote yatumie mafuta ya aina moja, ili lisihangaike kupeleka petroli vitani. Kampuni ya Hayes ya California, ikishirikiana na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Cranfield cha Uingereza, iliibadili pikipiki ya Kawasaki iwe ya dizeli, yenye nguvu za farasi 30 hivi. Lakini hiyo haikuwa injini ya jenereta. Ilibuniwa upya kwa gharama ambayo jeshi peke yake huweza kuilipa.

Mifano hiyo ina fundisho moja. Dizeli ilidumu pale ilipopewa kazi ya kuvuta na kulima kwa mwendo mdogo, na pale bei ya mafuta ilipoisaidia. Ilipotakiwa kushindana na petroli kwa mwendo, ilishindwa.

Je, akiba ya mafuta ni kubwa?

Lita moja ya petroli ina nishati ya megajuli 32 hivi, na ya dizeli megajuli 36 hivi. Zaidi ya hayo, injini ya dizeli huitumia vyema nishati hiyo: injini ndogo ya dizeli huweza kugeuza karibu theluthi kuwa kazi, ambapo ya petroli hugeuza robo au pungufu. Akiba basi ni ya kweli.

Tuseme pikipiki ya petroli huenda kilomita 40 kwa lita, na ya dizeli kilomita 60, na kila moja hutembea kilomita 100 kwa siku. Ya kwanza hutumia lita 2.5, ya pili lita 1.7. Katika siku 300 za kazi akiba hufika lita 250 hivi. Ikiwa injini, gia boksi, klachi na kazi ya fundi vinagharimu thamani ya lita 750, gharama hiyo itarudi baada ya miaka mitatu, nayo ni miaka mitatu ya kwenda polepole. Tena bei za mafuta Tanzania, ambazo Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji huzitangaza kila mwezi, haziipendelei dizeli kama zilivyofanya za India. Kumekuwa na miezi ambayo dizeli ilikuwa ghali kuliko petroli.

Katika mkoa wenye michikichi wapo wanaoweza kuuliza juu ya mawese. Ni kweli kwamba katika Maonyesho ya Paris ya mwaka 1900 injini ya dizeli iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Lakini mawese huganda katika ubaridi wa nyanda za juu, huziba chujio, na huacha masizi magumu katika nozeli. Hayana budi kusindikwa kwanza, nayo ni chakula cha watu.

Hatari ambazo hazionekani

Ya kwanza ni breki. Breki za pikipiki zimepimwa kwa uzito wa pikipiki ile. Kila kilo iliyoongezwa huongeza kazi ya breki katika mteremko. Aidha, injini ya dizeli haina kilango cha kuibana hewa inayoingia, na hewa iliyogandamizwa huirudisha pistoni kwa nguvu karibu ile ile. Kwa hiyo isitegemewe kushikilia chombo kwa gia kama injini ya petroli. Malori hufungiwa breki ya ekzosi kwa sababu hiyo.

Ya pili ni kuzima. Injini ya petroli huzimika mara cheche inapokatwa. Injini ya dizeli isiyo na cheche haizimwi kwa swichi ya ufunguo. Mafuta ndiyo lazima yakatwe kwa mkono maalumu, ambao dereva hana budi kuufikia hata akiwa katika msukosuko. Pikipiki ikianguka na kulala ubavu, oili huweza kuingia katika njia ya hewa, na injini ikaichoma na kuzunguka kwa kasi isiyo na kikomo mpaka ivunjike. Dawa yake ni kuiziba njia ya hewa mara moja, kwa ubao au kitu kigumu kingine, kamwe si kwa kiganja.

Ya tatu ni mtikisiko. Mapigo makali ya silinda moja hulegeza nati na kupasua viungo vya fremu vilivyochomelewa. Nyufa za namna hiyo huweza kujificha chini ya rangi, na kuonekana wakati fremu imekwisha kukaribia kukatika.

Ya nne ni nozeli yenyewe. Inapojaribiwa nje ya injini hurusha mafuta kwa nguvu ya kupenya ngozi ya mkono. Jeraha lake huonekana dogo kama la sindano, lakini mgonjwa apelekwe hospitali siku ile ile. Na moshi wa dizeli, ambao dereva wa pikipiki huuvuta kwa karibu, uliwekwa mwaka 2012 na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu.

Iko pia sheria. Kadi ya usajili huonyesha namba ya injini na aina ya mafuta. Chombo kilichobadilishwa injini bila kukaguliwa na bila kadi kurekebishwa huweza kuzuiwa barabarani, na ajali ikitokea, bima huenda isilipe.

Mahali pa dizeli

Na tuirudie hesabu ya mlima kwa chombo kingine. Trekta la mkono, ambalo wengi huliita pawatila, hutumia injini ya dizeli ya silinda moja ya nguvu za farasi 12 hivi, ndugu wa injini ya mashine ya kusaga. Uzito wa trekta, dereva wake, tela na magunia matano ya kilo 100 tuufanye kilo 1,000. Kupanda mlima ule ule kwa kilomita 15 kwa saa kwahitaji nguvu za farasi 9 hivi, pamoja na zinazopotea njiani. Injini hiyo, hata baada ya kupunguziwa nguvu na wembamba wa hewa ya Kasulu, hubakiwa na farasi 10 na zaidi. Inapanda. Pikipiki ya dizeli ilipandisha gunia moja kwa safari. Chombo hiki hupandisha matano, tena kwa usalama zaidi, na shughuli ya kubeba ikiisha hulima shamba, huvuta maji au huzungusha kinu.

Hapo ndipo penye thamani ya swali la fundi. Wazo la kuifanya injini moja ya dizeli isage asubuhi na ibebe mazao jioni ni wazo jema. Lililokosewa ni kudhani kwamba chombo chake kiwe cha magurudumu mawili. Wanakijiji wanaotaka kuchanga fedha wazichangie kwanza trekta la mkono lenye tela na breki za tela, na pikipiki ya petroli ibaki na kazi yake ya kuwahi: kumpeleka mgonjwa zahanati, kufuata dawa, kupeleka habari.

Na fundi ambaye bado anataka kuijaribu pikipiki ya dizeli kwa ajili ya kujifunza afuate utaratibu. Aipime injini kwa mizani kabla ya kuinunua. Aipime njia yenye mlima mkali kuliko zote, na afanye hesabu kama zilizo hapo juu kwa mzigo anaoukusudia. Achague pikipiki yenye gia boksi iliyo peke yake. Afunge injini juu ya vipande vya mpira, aongeze ukubwa wa breki kabla ya kuongeza mzigo, na aweke mkono wa kukata mafuta karibu na mkono wa dereva. Michoro yake aipeleke kwa wataalamu wa Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo mkoani Kigoma, au kwa walimu wa mitambo wa vyuo vya VETA, waitazame kabla chuma hakijakatwa. Majaribio ya kwanza ayafanye uwanjani, bila abiria, na mteremko uwe wa mwisho.